GPS iliyonyamaza Kibirizi: kila mtu alisema kweli, na nahodha akanusurika kufukuzwa

Mwenye boti ni mama mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, kwenye Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Mashine ya boti aliichukua kwa mkopo, na mkopeshaji aliweka sharti ambalo siku hizi limezoeleka: ifungwe GPS, yaani kifaa chenye laini ya simu kinachotuma mahali mashine ilipo, chini ya kofia ya mashine, na ikinyamaza saa 48 mfululizo, ihesabike kwamba imechezewa. Miezi ya mwanzo hapakuwa na shida. Baadaye GPS ikaanza kupotea. Boti linatoka jioni na taa zake kwenda kuvua, usiku wa manane alama yake inaganda kwenye ramani katikati ya maji, alfajiri boti linarudi na kufungwa mwaloni mbele ya macho ya watu wote, ila kwenye ramani bado limeganda kulekule ziwani. Linashinda hivyo siku nzima, na siku ya pili yake.

Mkopeshaji alipiga simu, mama akamwita nahodha.

"Mama, mimi hicho kidude nilikiona siku kinafungwa tu. Sijakigusa tena."

"Mwanangu, mimi nakujua. Watu wa mkopo hawakujui."

Akaitwa fundi. Fundi alifungua kofia ya mashine, akachomoa laini kwenye GPS, akaitia kwenye simu yake. Ikashika mtandao papo hapo, bando lipo, intaneti inafunguka. Akairudisha kwenye kifaa, nacho kikawaka na kuanza kutuma. Hitimisho lake lilikuwa fupi: laini nzima, kifaa kizima, kwa hiyo kuna mtu alikichomoa kule majini na kukirudisha. Wiki chache baadaye kifaa kikanyamaza tena, na safari hii mkopeshaji akataka nahodha aondolewe chomboni.

Tuhuma hiyo ndiyo inayonifanya nikiandike kisa hiki kwa kirefu. Mwaloni, nahodha akishasemwa kwamba amechomoa GPS, hapati mashine ya mtu mwingine kwa urahisi. Jina limeshaharibika. Na kipimo kilichomtia hatiani, kile cha kuchomoa laini na kuijaribu kwenye simu, ndicho hasa kilichofuta ushahidi wa kumtetea.

Nilipofika kukichunguza kifaa, mama alinieleza hivi: "Namba naipiga haipatikani. Nikiwapigia huduma kwa wateja wa mtandao, wananiambia laini haina tatizo, iko hai. Wa mkopo wanasema kifaa hakijafika kwenye seva yao. Sasa hapo nani anadanganya?"

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alikuwa anatazama namba yake.

Namba nne ndani ya kifaa kimoja

Mama alikuwa na namba ya simu, ile inayoanza na 255 na kufuatiwa na tarakimu tisa. Mkopeshaji alikuwa na IMEI, tarakimu 15 za kifaa chenyewe: nane za mwanzo hutaja aina ya kifaa, sita zinazofuata ni za kifaa hicho kimoja, ya mwisho ni ya kuhakiki. Seva nyingi za GPS hukitambua kifaa kwa IMEI, ndiyo maana ukibadilisha laini ramani haibadiliki jina. Wengi wetu tuliifahamu IMEI Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia na kila mtu akawa anabonyeza *#06# kuisoma ya simu yake. Namba ya tatu ni ICCID, iliyochapwa kwenye kadi ya laini, inayoanza na 89 kisha 255. Hiyo ni ya kadi kama kadi, na wakala huisoma anapokuuzia laini au anapokurudishia iliyopotea.

Ya nne haichapwi popote unapoweza kuiona kwa macho. Ni IMSI, kitambulisho cha mteja wa mtandao, nayo imo ndani ya kadi pamoja na ufunguo wa siri wa biti 128. Ina tarakimu zisizozidi 15. Tatu za kwanza ni za nchi, na hazifanani na zile za kupigia simu: Tanzania ni 640. Mbili zinazofuata, kwa hapa kwetu, ni za mtandao. 04 ni Vodacom, 05 ni Airtel. Kumi zilizobaki ni zako peke yako ndani ya mtandao huo.

Mnara haujui namba ya simu. Kifaa kinapowaka hujitambulisha kwa IMSI. Mtandao hutazama tarakimu tano za mwanzo kujua kwao ni wapi, huuliza rejesta (daftari la wateja) ya huko kwao, kisha huipa kadi fumbo la kufumbua kwa ule ufunguo wa siri. Ufunguo wenyewe haupiti hewani. Kinachorudi ni jibu la fumbo. Likilingana, kifaa kinaandikishwa, na hapo ndipo rejesta inaposema: IMSI hii ina namba ya simu fulani. Namba ya simu ni kama jina lililopakwa rangi ubavuni mwa boti. Watu wote wa mwaloni huliita boti kwa jina hilo, ila kitabu cha usajili wa vyombo kina namba yake, na ukipaka jina lilelile kwenye boti jingine, kitabu hakibadiliki.

Ndiyo maana ukirudisha laini iliyopotea unapata namba yako ileile, lakini kadi mpya ina IMSI mpya na ya zamani imekufa. Kwa GPS jambo hili ni la kuangaliwa sana. Nimekutana na vifaa vilivyokufa kwa sababu tu laini ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole za aliyeifunga, akaja kuirudisha kwa matumizi mengine. Namba inaita vizuri kabisa, mfukoni mwa mtu, na kifaa kimebaki na kadi isiyotambulika. Kwa kisa hiki nililichunguza hilo mapema na kuliondoa: laini ilikuwa ya mama mwenyewe na haikuwahi kurudishwa.

Sasa turudi kwa huduma kwa wateja. Mhudumu anaposema laini iko hai, ana maana kwamba kwenye rejesta ya nyumbani IMSI ile haijafungiwa na bando halijaisha. Hajui, na si kazi yake kujua, kama kadi hiyo imejaribu kubisha hodi kwenye mnara wa nchi nyingine na kukataliwa.

Ziwa lenye nchi nne

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na wastani wa upana wa kilomita 50 hivi. Linagusa Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kwa lugha ya IMSI ni 640, 642, 630 na 645. Wavuvi wa Kibirizi hutoka usiku kutafuta dagaa na migebuka, na huifuata samaki ilipo. Mnara wa GSM (mtandao wa 2G) unaweza kuhudumia kifaa hadi kilomita 35, mpaka uliowekwa na muda ambao ishara huchukua kwenda na kurudi. Juu ya maji hakuna nyumba wala kilima cha kuziba. Minara yetu mingi imeelekezwa kwenye makazi ya watu, si ziwani, wakati ng'ambo kuna milima mirefu inayotazama maji. Boti likishasogea katikati, mawimbi ya nyumbani yanafifia na ya ugenini yanapanda.

Kifaa kikikosa mtandao wa nyumbani hakikai kimya. Kinatafuta mtandao wowote kinachousikia na kujaribu kujiandikisha, na hakimuulizi nahodha. Kinatuma IMSI. Mtandao wa ugenini unaona 640, unajua huyu ni wa Tanzania, na kama hauna makubaliano na mtandao wa nyumbani kwake, au laini haina ruhusa ya romingi, yaani kutumika kwenye mitandao ya ugenini, unamkataa. Laini ya mama haikuwa na romingi. Hakuna aliyemwambia kwamba ingehitajika, maana boti linavua na kurudi nyumbani.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na ningependa kila anayefunga vifaa kwenye vyombo vya ziwani apasome polepole. Kukataliwa kuna aina zake. Viwango vya 3GPP, kundi linaloweka kanuni za mitandao ya simu duniani, vinaupa mnara orodha ya sababu zenye namba, na kila sababu inakiagiza kifaa kufanya jambo tofauti.

Sababu ya 11 maana yake ni kwamba mtandao huu hauruhusiwi kwako. Kifaa kikiipokea, kinaandika jina la mtandao huo kwenye orodha ya waliokatazwa ndani ya kadi ya laini, kisha kinaendelea kutafuta wengine. Hiyo ni kauli ya upole. Kikirudi karibu na nyumbani kitajiandikisha bila shida.

Sababu kama ya 2, kwamba IMSI haifahamiki kwenye rejesta, au ya 3 na ya 6, kwamba mteja au kifaa si halali, au ya 8, kwamba huduma zote zimekatazwa, ni kauli kali. Kifaa kikiipata mojawapo, kinatakiwa kuihesabu kadi kuwa batili. Batili kwa mitandao yote, na wa nyumbani ukiwemo, mpaka kifaa kizimwe au kadi ichomolewe. Na mtandao wa ugenini hujibu kadiri mwenyewe alivyoupanga. Wapo wanaotoa ya upole, na wapo wanaotoa kali pasipo ulazima.

Simu ya mkononi ikipatwa na hali hiyo, mwenyewe anaizima na kuiwasha. Wavuvi wa boti hili waliniambia wamezoea kufanya hivyo wakifika ufukweni, na hawakuwahi kuliona kuwa jambo la ajabu. GPS je? Ina betri yake ndani, imefungwa chini ya kofia ya mashine, na imetengenezwa makusudi isizimwe na mtu. Ikishaambiwa kadi yake ni batili, inakaa na hukumu hiyo siku kwa siku, ikiwa mita mia chache kutoka mnara wa nyumbani.

Na fundi wa kwanza alifanya nini? Alichomoa kadi. Hukumu ikafutika palepale, simu ikashika mtandao, na mtu akalaumiwa.

Kilichosomwa bila kuchomoa kitu

Niliomba kifaa kisiguswe kwanza. Kikiwa kimenyamaza, na betri yake inafanya kazi, nilikiunganisha na kompyuta kwa kebo ya mipangilio na kukiuliza maswali kwa amri zinazoelewana na modemu (kipande kinachoongea na mnara) karibu zote.

AT+CSQ, nguvu ya mawimbi: nzuri. Mnara kinausikia.

AT+CIMI, IMSI: ikaja, inaanza na 640. Kadi inasomeka, haijaungua wala haijalegea.

AT+CREG?, hali ya kujiandikisha: 0,3. Ingekuwa 1, kiko nyumbani. 2, bado kinatafuta. 5, kiko ugenini na kimekubaliwa. Tatu maana yake kimekataliwa. Tulikuwa tumesimama Kibirizi, mnara unaonekana kwa macho.

Kisha amri ndefu kidogo, AT+CRSM=176,28539,0,0,12, inayosoma ile orodha ya mitandao iliyokatazwa. Orodha ina baiti 12, nafasi nne za baiti tatu tatu, na tarakimu huandikwa zikiwa zimegeuzwa mbili mbili, F ikijaza penye pengo. Nchi ya 630 huonekana 36F0, na ya 642 huonekana 46F2. Nafasi ya kwanza ilianza na 36F0. Ya pili ilianza na 46F2. Mbili za mwisho zilikuwa tupu, F mfululizo.

Kadi ya mvuvi wa Kibirizi ilikuwa imekataliwa Kongo na imekataliwa Burundi, na ilikuwa imejiandikia yenyewe. Orodha hiyo haifutiki kwa kuchomoa kadi, kwa hiyo hata fundi wa kwanza angeisoma angeiona. Haionyeshi ni nani aliyetoa kauli kali, kwa kuwa kauli kali haiandikwi humo; inaonyesha kwamba kadi ilibisha hodi ng'ambo. Pamoja na ile 0,3 nikiwa nimesimama ufukweni, kwangu ilitosha kujua kilichotokea.

Ila haikutosha kumsafisha nahodha. Mtu mgumu angesema: labda vyote viwili vilitokea. Kwa hiyo nilisoma kumbukumbu ya ndani. Vifaa hivi vikikosa mtandao huhifadhi alama za njia, kila moja na saa yake na kiwango cha umeme, vikingoja kuzituma. Alama zilikuwepo zote. Mashine ilitoka jioni, ikaenda magharibi na kaskazini, ikatulia saa za kuvua, ikarudi alfajiri, na umeme haukukatika hata mara moja. Kifaa kilichochomolewa hakiwezi kuandika hivyo. Nahodha alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama mstari wa safari yake mwenyewe ukijichora kwenye skrini, akamwonyesha mama mahali walipotega na mahali walipohamia dagaa walipopungua.

Baada ya kuhifadhi nakala ya hayo yote ndipo nilipokizima na kukiwasha. Kikajiandikisha: 0,1. Alama zilizokuwa zimesubiri zikamiminika kwenye seva, na ramani ya mkopeshaji ikajaa safari aliyodhani haikurekodiwa.

Tulivyokitengeneza, na kisichotengenezeka

Nilifanya mambo matatu. Nilikifunga kifaa kwenye mtandao wa nyumbani pekee, kwa amri ya AT+COPS katika hali ya kuchagua kwa mkono, ikitajwa 640 na tarakimu mbili za mtandao wake. Kikikosa nyumbani kinangoja. Hakibishi hodi ng'ambo, na asiyebisha hodi hakataliwi. Kwa kuwa modemu nyingine husahau agizo hili zikizimwa, liliwekwa pia kwenye mipangilio ya kudumu. Pili, nilikipa kanuni ya kujizima na kujiwasha chenyewe kikishindwa kuifikia seva kwa saa mbili. Hii peke yake ingetosha kuepusha kisa chote, na ninashindwa kuelewa kwa nini vifaa vinauzwa kando ya ziwa la mpakani bila kanuni hiyo kuwashwa. Modemu mpya zimeongezewa kipima muda cha kujaribu tena baada ya kauli kali, lakini vifaa vilivyomo kwenye mashine zetu vingi ni vya zamani vya 2G. Tatu, nilifuta ile orodha.

Mama akauliza swali ambalo lilikuwa zito kuliko yote ya siku ile: "Na mashine ikiibiwa ikavushwa Kongo, nitaiona?"

Hapana. Kwa kifaa kilichofungwa kwenye mtandao wa nyumbani, mashine haionekani ikishavuka. Lakini hata kabla sijakifunga isingeonekana, kwani laini haikuwa na romingi; kilichokuwepo ni matumaini tu. Anayetaka kuona ng'ambo anahitaji laini yenye makubaliano huko. Zipo kadi za vifaa zenye IMSI zaidi ya moja, zinazobadilisha kitambulisho kulingana na zilipo, na zipo zenye IMSI inayoanza na 901, ambayo si ya nchi yoyote. Hizo ni mgeni kila mahali, hata Kigoma, na data yake hulipiwa kama ya mgeni. Kwa boti la mizigo linalokwenda Kalemie au Bujumbura ningeshauri hivyo bila kusita. Kwa boti la dagaa linalorudi kila asubuhi, mama aliona gharama haibebeki, nami nilikubaliana naye. Kilichobaki ni kwamba alama ya mwisho kabla ya kunyamaza itaonyesha mashine ilikuwa inaelekea wapi.

Suala la usajili lilichukua muda mfupi. Kanuni za usajili wa laini zinatambua laini za mawasiliano ya mashine kwa mashine kama kundi lake, tofauti na laini ya mtu ya kupiga na kupokea. Laini ya GPS iombwe hivyo, kwa jina la mwenye mashine, na *106# itumike kuhakiki. Kwenye daftari la boti tuliandika namba zote nne, kila moja na maelezo yake. IMSI tuliiandika ndani, si kwenye kibandiko cha nje, wala mtu asiirushe picha yake kwenye kundi la WhatsApp. Mitandao yenyewe hujitahidi kuificha: baada ya kukutambua hukupa kitambulisho cha muda, na 5G imeweka njia ya kuisimba hata mara ya kwanza.

Nahodha yupo kazini. Mkopeshaji alisoma maelezo, akatazama alama za umeme, na akaondoa dai lake la kuchezewa kifaa. Kifungu cha saa 48 bado kimo kwenye mikataba ya boti nyingine pale mwaloni. Nimempa mama maneno ya kupendekeza, ayapeleke pamoja na wenzake wenye mkopo kama wake: kunyamaza kwa kifaa kusihesabiwe kuchezewa mpaka kumbukumbu ya umeme ya ndani na orodha ya mitandao iliyokatazwa zisomwe mbele ya mwenye boti na nahodha, kabla mtu yeyote hajachomoa laini.